Nondo Asiye na Kinywa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako, na unifikishie kwa shemeji na wajukuu. Natumaini mgongo umekupa nafuu. Mimi pumzi inakatika nikivuka chumba tu. Daktari ameacha kunitania, nami nimeelewa.

Utamkumbuka nondo wetu wa siku zile tulipofanya kazi pamoja makumbusho, mwenye mabawa ya kijivu na doa la njano kama jicho. Kiwavi wake hula miezi mitatu, hujichimbia udongoni, kisha hutoka na mabawa lakini bila kinywa. Huishi siku tano kwa shibe ya utotoni, hutaga, hufa. Hayo tuliyajua kwa jasho lako, wewe uliyefukua udongo chini ya miti na kuandika vikaratasi vya kuwatambulisha kwa mwandiko wako wa kubanana.

Utamkumbuka pia yule mmoja aliyeleta balaa: mabawa yale yale, kiwiliwili chekundu. Mkurugenzi akatangaza kuwa ni spishi mpya, akakutuma utafute wa pili. Ukafukua miaka minne, na kila buu likatoa nondo wa kawaida. Uliponiuliza kama nondo huyo anakukimbia au hayupo, nilikujibu kuwa mvumilivu hula mbivu, tukacheka.

Kisha mtaalamu mgeni akamtazama nondo yule mwekundu kwa kioo cha kukuzia, akaona gundi. Kikaratasi chake kilikuwa cha mkono wako. Wakakuita mghushi, wakakufukuza. Tangu hapo unashona miavuli, na mtaa mzima unakuita Profesa Gundi.

Gundi ilikuwa yangu. Nilipofungua kisanduku ulichomleta nondo yule, kiwiliwili kilinivunjikia vidoleni. Nikaogopa kukaripiwa, nikabandika chekundu cha nondo wa aina nyingine, nikidhani hakuna atakayetazama. Mkurugenzi aliponiuliza mbele yako, niliangalia sakafu nikasema, "Alifika hivyo hivyo." Nawe ukanishika bega nje ya mlango, ukaniambia nisijilaumu kwa kusema kweli. Mwezi uliofuata nikapewa meza yako.

Nimewaandikia makumbusho, nakala yenye sahihi yangu imo humu. Waliokufukuza wengi wako kaburini, kwa hiyo najua nakurudishia jina wakati wa kulivaa umeshapita. Usijisumbue kunisamehe. Nondo yule hana kinywa, ana udhuru. Mimi nilikuwa nacho miaka arobaini na mmoja, nikakitumia kula.

Nisalimie wote watakaokubali salamu yangu.

Kaka yako,
mkubwa kwa umri tu.