Nani Alirudi Kumfungua Maua

Mpendwa Mshauri Nangila,

Naomba msaada, na ujue mimi si mtu wa kuomba msaada ovyo, kwa maana hapa Turbo watu ndio huja kwangu kutafuta mawaidha, ya shamba, ya ng'ombe, hata ya ndoa, na mimi ndiye yule Wanyoike aliyesukuma lori la mahindi lililozimika kwa kilima, peke yangu, dereva akiwa amelala ndani, akaamka akajikuta Eldoret mjini akadhani ameliendesha yeye, uliza mtu yeyote. Jina langu usilifiche. Masomo niliyaacha darasa la saba katikati lakini akili sikuiacha huko.

Shida ni binti ya ndugu yangu, Nduta. Huyu nimemlea tangu ile Januari ya 2008, baada ya kura, tulipochomewa boma kule Chepsaita, na babake, yaani ndugu yangu mdogo Wachira, hakutoka. Mamake alikuwa ameshafariki kabla ya hapo, kwa hivyo mtoto alibaki na mimi na mke wangu Esther, na sisi hatumtofautishi na wale tuliozaa, isipokuwa huyu ndiye ako na kichwa. Saa hii anasomea udaktari wa mifugo, mwaka wa tatu, na kila jioni akitoka darasani hunipigia simu anielezee mambo yote mpaka chai yangu inapoa na sijali.

Ndiyo nikajua kuna mwalimu wa minyoo, mama mmoja mpole sana, ambaye hufundisha huku anakula sambusa na chupa za minyoo ziko hapo kwa meza mbele yake. Na kuna Profesa Kituyi wa mifupa, huyo hukwambia uweke mikono nyuma ya mgongo, anakuwekea mfupa huko nyuma, unapapasa bila kuangalia, unasema ni mfupa gani, wa mnyama gani, wa mguu wa kulia au wa kushoto. Nduta alipapasa akasema, "Ni paja la ng'ombe, kulia, na huyu ng'ombe alikuwa mzee, Prof, alikuwa anaumwa na goti." Profesa akacheka mpaka akavua miwani. Halafu siku ya kwanza ya kuingiza mkono kwa ng'ombe kupima mimba, na ile glavu ndefu ya kufika begani, ng'ombe akaamua kulala chini na mkono wa Nduta ukiwa ndani, akalala naye hapo kwa samadi, na hakuutoa mkono, akasema kutoka hapo chini, "Ana mimba, Prof." Hiyo nimeisimulia pale tunapopeleka maziwa asubuhi mpaka watu wanaijua, ingawa wengine wanasema mimi nimeongeza kwamba alimsalimia ndama ndani na ndama akaitikia. Basi, hata kama.

Sasa wiki iliyopita walipelekwa zizi la chuo kujifunza kuzuia ndama wasiote pembe, kazi ambayo mimi nimeifanya na macho nimefunga, unadunga ganzi, unatoa chuma kwa moto kikiwa chekundu, unakandamiza pale pembe inataka kutokea, nywele zinaungua, moshi kidogo, imekwisha. Nduta alikuwa ameshika kamba. Chuma kilipogusa yule ndama wa kwanza akaachilia kamba akaenda mpaka kwa ua akatapika, akatetemeka hapo kama mtu wa malaria. Wenzake wakamcheka, "Daktari ameshindwa na harufu ya nywele! Aende asomee uhasibu!" Profesa Kituyi hakucheka, lakini alimwambia Jumanne ijayo chuma atakishika yeye, bila hiyo hawezi kumpitisha.

Nduta akaja nyumbani na begi lake lote, hata ile ovaroli na gamboti, akasema amemaliza na hayo masomo, atamsaidia Esther kwa duka.

Mimi nikapanda hasira. Nikamwambia Esther nitaenda huko chuoni nimshike huyo Profesa tai nimuulize kama anajua mimi ni nani.

Esther akaniambia, "Utashika tai ya mtu na hiyo mikono ya samadi? Na akikuuliza kwa nini mtoto anatetemeka, utamjibu nini, Baba? Utamwambia ya fahali?"

Nikaketi tena.

Ya fahali ni hii. Tulipokuwa kambini pale uwanja wa maonyesho, Eldoret, Nduta alikuwa mtoto mdogo, na hakuwa anaongea. Hakuwa analia wala kuongea, anakalia blanketi tu anaangalia. Alikuwa na ndama wake huko nyumbani, mweupe na doa kwa paji, alimwita Maua, alikuwa anamnywesha maziwa na kidole chake. Basi siku moja nikaanza kumwambia vile mimi nilimtoa Maua, nikampakata kifuani, nikapanda yule fahali wetu mweusi, nikapita katikati ya moshi, na tulipofika kwa kizuizi cha barabarani fahali akapiga chafya moja, mawe yote yakatawanyika na vijana wote wakakimbia, na nikampeleka Maua mpaka Kaptagat kwa mzee mmoja mwema, na sasa huyo ndama anakimbia kila asubuhi na wanariadha na kuna mmoja alikosa medali huko Ulaya kwa sababu alizoea kukimbia nyuma ya mkia wa Maua. Mtoto akacheka. Mshauri, ungesikia kile kicheko. Watu wa hema jirani walikuja kuangalia. Tangu hiyo siku nimeisimulia kila Krismasi, nikiongeza hapa na pale, na yeye ndiye hunikumbusha nikisahau chafya.

Juzi nilikuwa nimekaa nje na yeye anaosha vyombo, akaniuliza bila kugeuka, "Anko, nani alirudi kumfungua Maua?"

Nikaanza, "Si unajua, fahali alikuwa..."

Akasubiri mpaka nikamaliza, na nilikuwa nimeirefusha kweli, akasema, "Sawa, Anko." Akaenda kuanua nguo. Hakucheka. Na tangu hapo ananiamkia vizuri, ananiletea chai, lakini haniambii kitu.

Mimi sikupanda fahali. Nilikuwa kwa mahindi yaliyokauka, nimelala juu ya huyo mtoto nimemfunika uso na koti langu, na moshi wa zizi ulikuwa unatufikia. Tulikuwa tumetoka sote salama, hata Wachira, tumeshavuka ua, halafu mtoto akaanza kulia, "Baba, Maua! Baba, Maua amefungwa!" Wachira akaniangalia, akaniwekea mtoto mikononi, akarudi. Ng'ombe wote wakubwa walitoka wakikimbia, kamba zao zimekatwa na panga. Ndama walikuwa wanafungwa kule ndani mwisho. Paa likashuka.

Sasa nitamwambiaje mtoto kwamba babake alirudi kwa sababu yeye alilia? Nimtwike huo mzigo, na ako na maisha yote mbele? Ama nimwache aache masomo, auze sukari na sabuni, lakini asijue? Ama wewe unitafutie hadithi nyingine nimwambie, nzuri kuliko hii, kwa sababu hii naona imeisha nguvu? Usiku wa jana Esther aliniambia niandike, nami nimeandika.

Ni mimi,
Wanyoike, Turbo


JIBU

Mzee Wanyoike, pole. Nakupa pole kwanza kwa sababu naona kwa barua yako yote, na fahali wako na chafya zake, hujawahi kupewa pole ya kumpoteza ndugu yako.

Sasa nikugombeze. Uliniambia nisifiche jina lako. Nimelificha, hilo la Wanyoike nimekupa mimi, na ya wengine wote nimebadilisha, kwa maana habari kama hii haifai imfikie msichana kwa gazeti lililofungiwa mkate. Ulitaka wakusome wewe. Hukumfikiria atakayesoma akiwa peke yake.

Pili, soma barua yako mwenyewe tena. Nduta hakukuuliza kama kuna mtu alirudi. Alikuuliza nani alirudi. Katika hadithi yako ya miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja anayerudi, ni wewe na fahali tu mnaenda mbele. Basi hilo la kurudi amelitoa wapi? Alikuwa chini ya koti lako, Mzee. Koti hufunika macho. Masikio halifuniki, wala pua. Mtoto huyo anajua. Anajua alilia, anajua babake aligeuka, na amelibeba hilo peke yake huku akikuchekea kila Krismasi ili wewe usiumie. Unasema unaogopa kumtwika mzigo. Ameubeba tangu kambini. Anachokuomba ni umshikie upande mmoja.

Hadithi yako siitukani. Ilimrudishia mtoto sauti, na kuna wazazi wengi wa kambi ile ambao hawakuwa na hata hiyo. Lakini ilikuwa ya mtoto, na huyu sasa ni mtu mzima anayeingiza mkono kwa ng'ombe aliyemlalia na bado anatoa jibu. Usinitume nikutafutie nyingine. Sitakupa.

Fanya hivi. Mwite mchana, mkiwa wawili, kazi ikiwa mikononi, mahindi ya kupukuchua au nini, ili asilazimike kukuangalia. Mwambie ile yote uliyoniandikia mwishoni, kwa urefu ule ule, usiongeze neno. Halafu mwambie hili, ambalo umeliandika bila kuliona: ng'ombe wakubwa walitoka kamba zikiwa zimekatwa. Mtu aliyerudi kwa ajili ya ndama mmoja wa mtoto angepita moja kwa moja mpaka mwisho wa zizi. Wachira alianza mlangoni, akafungua mmoja baada ya mwingine. Alirudi kwa wote. Mfugaji haachi mnyama amefungwa kwa moto, na hilo angelifanya hata kama mtoto angekuwa amelala. Kilio kilitangulia tu kusema alichokuwa anawaza. Mwambie wewe, kwa sababu ni wewe uliyeuona uso wake akikupa mtoto. Mimi siwezi kumwambia hilo, wala profesa hawezi.

Akilia, mwache alie. Usimchekeshe. Najua itakuuma mdomo.

Mambo ya chuo ni yake. Usimshike mtu tai. Nduta mwenyewe aende kwa Profesa Kituyi kabla ya Jumanne, amwambie kwamba harufu ya nywele zikiungua inamrudisha pahali, na aombe aanze na kudunga ganzi, ambayo ni kazi ya huruma, na chuma akishike siku nyingine, hata muhula ujao. Mwalimu anayevua miwani kucheka na mwanafunzi hatamfukuza kwa hilo. Chuo pia kina ofisi ya kuwashauri wanafunzi. Aende, si mara moja. Na akiamua mwisho wa yote kwamba hataki tena, basi duka la Esther ni kazi kama kazi nyingine, na wewe hutamtia aibu pale kwa maziwa.

Kisha kuna jambo moja ambalo barua yako ndefu haina. Umeniambia Wachira alivyokufa. Hukuniambia hata mstari mmoja alivyoishi. Nadhani hata Nduta hujamwambia. Kwenu binti wa kwanza huchukua jina la nyanyake, mama ya baba. Kwa hivyo Wachira alimpa binti yake jina la mama yenu, na mtu hamwiti mamake jina tupu, kwa hivyo lazima kuna vile alikuwa akimwita akimnyanyua asubuhi, na wewe ulikuwa hapo unasikia. Nduta alikuwa mdogo sana kulikumbuka hilo. Mwambie babake alikuwa akimwitaje, halafu umwite hivyo.

Mshauri Nangila