Jiko la Nje na Kifua cha Mama Neema

Jumamosi, kijijini Qurus

Moshi umerudi tena. Jiko nililojenga nje kwa matofali na udongo, ili mke wangu asipikie tena ndani, leo asubuhi lilitema moshi wote kwenye mdomo wa kuni. Mama Neema akakohoa hadi akashika ukuta. Nilitaka kulivunja.

"Usivunje, Baba Neema," akasema alipopata pumzi. "Kuni umezishindilia. Hewa itapita wapi?"

Nikakata kipande cha bati, nikakilaza mdomoni kama rafu. Kuni zikakaa juu yake, chini pakabaki wazi. Bado moto ulisinzia. Nikaongeza matofali juu ya bomba la kutolea moshi, nikapunguza kuni. Mara moto ukavuma, ukavutwa juu, moshi ukakatika.

Akabandika makande. Mimi nilikuwa naangalia kifua chake, si sufuria. Hakukohoa.

Mvua zikianza sijui tutafanyaje, maana pale hakuna paa. Na kifua chenyewe hakijapona, nisijidanganye kwamba…

Lakini jioni, baridi iliposhuka, alivuta kigoda karibu kabisa na moto, akanyoosha mikono.

"Sogea huko," akaniambia. "Unanizibia joto."