Dawa Kali ya Dani

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepima mtama kwa chumvi kabla ya chai. Chumvi kavu kidogo ndani ya chupa, mtama juu yake, unatikisa, unangoja. Chumvi ikishika kioo, mtama bado una maji, unarudi juani. Leo haikushika popote. Dani akasema, "Sawa." Kwa Dani hiyo ni hotuba.

Dani ni nyanya yangu, mama wa mama. Nimekaa kwake hapa Uriri tangu mama aolewe tena Homa Bay. Yeye ndiye anashika ufunguo wa stoo ya kikundi. Wamama wote wa kikundi wanalima mtama bila mbolea ya duka na bila sumu ya kupuliza, halafu kampuni inanunua kwa ajili ya unga wa uji wa watoto. Masharti ni mengi. Magunia mapya tu. Yasiguse gunia la mahindi ya mtu. Hata pickup ya kupeleka mzigo Homa Bay lazima ioshwe tukiona, sababu siku zingine inabeba mawe ya dhahabu kutoka machimbo ya Osiri.

Napenda stoo. Ndani hakuna mtu wa kuongea naye.

Isipokuwa Boke, anayepita dirishani. Ameolewa boma la pili kutoka kwetu. Ni Mkuria, Kiluo kinampiga chenga, kwa hivyo mimi na yeye tunaongea Kiswahili. Ananiita Mwalimu, ati naongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Leo: "Mwalimu, umemaliza kuongea na magunia? Yamekujibu?" Nilitazama miguu yangu. Nikacheka baadaye, ameshaenda.

Likizo hii hakuna mwingine aliyeniuliza swali.

Jumatano, 6 Agosti

Mkaguzi wa kampuni amekuja. Kijana mpole, buti safi. Min Otis, mwenyekiti wetu, alikuwa matangani Rongo, kwa hivyo tulikuwa Dani na mimi tu. Dani anasikia Kiswahili vipandevipande. Nikawa mkalimani.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Akamulika tochi kwenye kona. Akafungua magunia mawili, akanusa, akatia mkono mpaka kiwiko. Akasifu mbao tulizoinulia magunia. Halafu akaona ungaunga wa kijivu juu ya zile mbao. Akauliza ni nini.

Dani akajibu haraka, kwa fahari kabisa: "En yath makech."

Nikasema, "Ni dawa kali."

Uso wake ukabadilika. "Dawa kali? Ya wadudu?" Nikasema ndiyo. Dani akasikia neno dawa, hilo analijua, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Ee, dawa! Dawa!"

Akachota ule unga akatia kwenye mfuko mdogo. Akazungushia magunia yote utepe mwekundu. Hakuna kutoa hata punje mpaka ofisi iamue. Alipoondoka Dani aliniuliza amesemaje. Nikamwambia watatuambia.

Kuna kitu kimekaa vibaya. Sijui ni nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejua.

Dani alinituma nilete: "Kel yath." Nikaenda nyuma ya jikoni kwenye mwarobaini, na mkono ukiwa juu kwenye tawi nikaelewa. Mti ni yath. Vidonge vya hospitali ni yath. Sumu ya kupuliza ni yath. Na haya majani anayoyakausha, akayatwanga, akanyunyizia kwenye mbao kila msimu, nayo ni yath. Makech ni chungu. Dani alisema ni majani machungu, basi. Kampuni yenyewe inayaruhusu. Na yametwangwa, nani angejua ni majani?

Mimi nikasema dawa kali.

Kiswahili ndilo somo langu zuri. Shuleni wananipa insha za wengine nisahihishe.

Nilirudi na tawi. Nikamkabidhi Dani. Nikakaa kando yake na kuchambua majani naye mpaka yakaisha, na sikumwambia. Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu karatasi haigeuzi shingo kukutazama.

Jumamosi, 9 Agosti

Kikao. Min Otis amerudi na hasira ya safari. Wamechukua ufunguo kwa Dani. Hawakumtukana. Walinyoosha mkono tu, akautoa shingoni ulikokuwa na kamba, akauweka mezani, akakaa. Akaapa kwa jina la marehemu babu kwamba hajawahi kuweka sumu ya duka. Wakamwamini. Hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi. Kama si yeye, basi ni nani?

Mtu akakumbuka Boke alinunua poda ya kuulia dumuzi, wale wadudu wa nafaka, dukani kwa ajili ya mahindi yake.

"Na kila siku yuko kwa dirisha la stoo," akasema Min Otis kwa Kiluo. "Anatafuta nini pale? Harufu?" Watu wakacheka kile kicheko kisicho na meno.

Ananitafuta mimi. Hilo ndilo lilikuwa jibu. Nililimeza.

Boke alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Aliona macho yanamwendea yakirudi. Akainama kwangu: "Mwalimu, wanasema nini?"

Nikamwambia, "Ni mambo ya stoo tu."

Mara ya kwanza nilikosea. Leo sikukosea. Leo nilijua neno sahihi na nikaficha.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani benchi ya Boke ilibaki tupu, yeye na mtoto tu. Mimi nilikaa nyuma kabisa. Dani hajala tangu jana. Anashikashika shingo pale kamba ilipokuwa.

Mama hajapiga simu. Sikutarajia.

Jumanne, 12 Agosti

Dumuzi wameingia.

Ni yale magunia mawili aliyofungua mkaguzi. Haya magunia yana mfuko wa ndani usiopitisha hewa. Ukifungwa vizuri mdudu anakosa pumzi. Hakuyakaza, na sisi tumekatazwa kugusa. Nilichungulia dirishani nikaona vumbi jeupe limemwagika chini, na vidudu vyeusi vinatembea juu ya utepe mwekundu kama wenye nyumba.

Min Otis ameita watu. Maneno yake: "Tumeshaandikwa watu wa dawa. Basi tuweke dawa kweli, tuokoe mtama, tuuze sokoni. Ama tuwafugie dumuzi?" Wengi wakasema haki. Wataweka Ijumaa baada ya chai, poda ya duka, magunia yote.

Sielewi nililie lipi. Ijumaa kosa langu litakuwa ukweli. Mkaguzi akirudi atakuta dawa kali, kama nilivyomwambia. Hakuna mtu atawahi kujua nilikosea, hata mimi nitaweza kujisahaulisha. Na Dani atakuwa amelima maisha yake yote bila sumu halafu stoo yake inanuka sumu. Na Boke atabaki ndiye aliyeanza.

Dani alienda mlangoni pa stoo, akaweka kiganja kwenye bati.

Namba ya ofisi imeandikwa kwenye utepe. Nikapiga kwa simu ya Dani. Mkaguzi akasema haloo. Nikakata. Nikapiga tena. Haloo. Nikakata.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefika Homa Bay na kurudi. Nilimdanganya Dani naenda kumwona mama. Nilibeba tawi la mwarobaini kwenye begi la shule, na unga wa Dani kwenye kikaratasi.

Godauni ya kampuni ina geti kubwa la bluu na askari mwenye maneno. "Unataka nani?" Nikanyamaza. "Wewe, sauti umeiacha nyumbani? Rudi uichukue, mimi niko hapa mpaka saa kumi na mbili." Wapakiaji wakacheka. Nilikaribia kurudi kweli. Nikaonyesha tawi. Sijui kwa nini. Askari akaliangalia, akaniangalia, akasema, "Hii sasa ni barua ya nani?" Lakini alienda kumwita.

Nilikuwa nimejifunza hotuba nzima njiani. Mkaguzi alipotoka yote yakapotea. Nikachuma jani nikampa.

"Onja."

Akadhani ni mzaha. Akatafuna. Uso ukajikunja wote, akatema mara tatu kwenye mchanga.

"Hiyo ndiyo dawa kali," nikasema.

Baada ya hapo maneno yakaja. Yath, makech, mbao, kikao, Boke, dumuzi, Ijumaa. Niliongea mpaka nikasikia sauti yangu na ikanishtua, nikasimama katikati ya sentensi.

Hakunikaripia. Alisema tu hawezi kubadilisha ripoti kwa mdomo uleule ulioiharibu. Nimeelewa. Kesho kutwa asubuhi atakuja na mwenzake anayejua Kiluo, wamuulize Dani upya bila mimi katikati. Akampigia Min Otis hapohapo: mtu asiguse gunia. Nilisikia Min Otis akifoka ndani ya simu.

Nilipita kwa mama ili uongo wangu uwe nusu. Mlango ulikuwa wazi. Watoto wa mume wake mpya walikuwa wanakula, mama anawapakulia, anacheka. Nilisimama kwenye ua wa michongoma. Sahani zilikuwa zimetosha. Nikaondoka.

Ijumaa, 15 Agosti

Wamekuja kabla ya chai. Min Otis alikuwa na kopo la poda mkononi tayari.

Huyo mwenzake ni mama wa makamo kutoka Karachuonyo, sauti kama kengele ya shule. Akamuuliza Dani ule unga ni nini. Dani akajibu vilevile, neno kwa neno, kwa fahari ileile ingawa amekonda: "En yath makech."

"Yath gani, mama?"

Dani akamshangaa. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jikoni, akaupigapiga mti kama ng'ombe wa maziwa. Yule mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Halafu akarudi akawaelezea wamama wote, kwa Kiluo na kwa Kiswahili, alichosema Dani na nilichosema mimi.

Walinitazama wote. Ilikuwa mbaya kama nilivyoogopa. Haikuzidi.

Dani hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Boke ndiye aliyeongea kwanza. Alimuuliza Min Otis, kwa Kiswahili: "Kwa hivyo Jumamosi mlikuwa mnanisema mimi?"

Min Otis akatazama kopo lake. "Ndivyo ilivyokuwa."

Boke akanigeukia. "Mwalimu," akasema. Basi. Akamkaza mtoto mgongoni, akaenda zake.

Magunia yaliyofungwa yamepita, ila yatakaa kando Homa Bay mpaka majibu ya ule unga yatoke. Yale mawili yenye dumuzi yameondolewa: tutachekecha na kusaga ya nyumbani. Ufunguo umerudi. Min Otis mwenyewe alimvisha Dani shingoni, akasema kwa sauti ya chini kitu ambacho sikukisikia, na nimefurahi sikukisikia. Nisingetafsiri sawa.

Jumatano, 20 Agosti

Pickup ilioshwa mara mbili, Dani akapitisha kidole kila pembe. Turubai jipya chini. Mtama umeenda. Jioni mkaguzi akapiga simu: unga hauna sumu, mzigo umepokewa. Wamama wakapiga vigelegele uani. Nilikuwa ndani nikisikiliza. Dirishani hakupita mtu.

Ijumaa, 22 Agosti

Jumatatu shule inafunguliwa. Leo tumeosha stoo, Dani na mimi. Nyufa zote, kwa maji ya moto, kabla mayai ya dumuzi hayajaanguliwa. Dani alisugua muda mrefu. Halafu akauliza kuomba msamaha kwa Kiswahili unasemaje.

Nikasema, nisamehe.

Akajaribu. "Nisamee." Tena. "Nisamee." Ile h ilimshinda. Akajifuta mikono kwenye leso, akajaza kikapu unga wa mtama. Nilichukua viatu nimfuate, nimsaidie kuongea.

Akasema hapana. Leo anaenda na mdomo wake.

Kutoka mlangoni pa stoo naona boma la Boke. Nilimwona Dani amesimama pale na kikapu, mdogo. Nilisikia, "Nisamee." Mara nyingine tena, kwa sauti, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Boke! Nisamee!" Kisha Boke akacheka, akasema kitu, wakaingia ndani.

Mimi nalijua neno hilo kwa lugha tatu. Kwa kila lugha nalitamka sawa, na bado sijaenda kwa Boke.

Sakafu imekauka. Nimeanza kufagia tena kutoka kona ya kwanza.