Sinia Moja Kati ya Thelathini na Sita

Jumatatu, 5 Mei

Saa kumi na mbili na robo lori la kwanza limetoka, lita elfu kumi za maji, njia ya Dadaab. La pili limechelewa, dereva anatafuta kiatu. Nimefunga chakula cha binti yangu Ifrah: wali, maharagwe, ndizi moja.

Saa tisa na dakika arobaini mkebe umerudi umejaa. Siku ya nne kati ya tano tangu muhula uanze. Mwalimu wa zamu anamwambia aufunge, akae kwenye sinia na wenzake. Anakaa, lakini hagusi chakula, maana nimemkataza kisicho cha nyumbani. Ana miaka saba, kilo kumi na tisa, na anashinda na njaa kwa sababu ana adabu kuliko watu wazima.

Muhula uliopita alikuwa akija kula nyumbani. Sasa wameongeza masomo ya mchana na chakula ni shuleni, kila mtoto. Sinia moja, watoto sita, mikono sita. Watoto 216, sinia 36. Asubuhi kuna uji, umetiwa maziwa.

Ifrah na maziwa haviketi pamoja. Ya ng'ombe, ya mbuzi, hata ya ngamia. Daktari anaita mzio. Mara ya kwanza alikuwa na miezi kumi na moja. Mara ya pili miaka minne, harusini, nusu kikombe cha chai. Uso ulivimba, pumzi ikawa inapiga filimbi. Daktari aliniambia nina dakika kumi na tano, siku nyingine pungufu. Tangu hapo nyumbani kwangu halijaingia tone. Nyumba ya Msomali bila maziwa. Wageni wanadhani nimekuwa bahili.

Kesho naenda ofisini.

Jumanne, 6 Mei

Dakika arobaini kungoja, dakika kumi kusikilizwa. Mwalimu mkuu ni mtu wa Kitui, mpole, shati limepigwa pasi. Nimeomba mambo matatu. Mtoto ale chakula chake kwenye sahani yake. Sindano yake ya dharura ikae shuleni. Walimu wawili wafundishwe kuitumia.

Akanieleza habari ya sinia. Kabla hajahamishiwa hapa, watoto walikula kila ukoo na kona yake. Mikebe ya nyumbani, maneno ya nyumbani, mwisho mawe. Mtoto mmoja alipasuliwa kichwa. Akapiga marufuku mikebe, akaanza kura. Kila Jumatatu majina yote yanatiwa kwenye debe, yanatolewa sita sita. Aliyekuangukia ndiye utakula naye wiki nzima, awe wa nani. Mwaka wa nne sasa, hakuna jiwe.

Akasema, "Mama Ifrah, mkebe mmoja ukiingia leo, kesho itaingia hamsini."

Hesabu yake naielewa. Ndiyo inayoniudhi.

Anataka barua ya daktari yenye muhuri. Dawa haiwezi kukaa ofisini mpaka bodi ya shule ikubali. Bodi inakaa tarehe 19. Siku kumi na tatu. Tumeafikiana kwa muda: uji asipewe, mchana akae kwenye sinia, kwa kuwa chakula cha mchana ni wali na maharagwe au githeri, na hakuna maziwa humo. Nimekubali kwa shingo upande.

Alhamisi, 8 Mei

Barua nimepata. Muhuri nimepata, baada ya madirisha matatu. Na yangu nimeandika, ukurasa mmoja. Neno maziwa nimelipigia mstari mara tano. Wameibandika ukutani jikoni mbele ya macho yangu.

Sindano ni kitu kama kalamu nene. Garissa hakuna, ziliagizwa Nairobi, mbili. Karatasi yake inasema isizidi nyuzi 25. Daktari amesema chini ya 30 tutavumilia, na isiingie kwenye friji. Nimepeleka kipimajoto ofisini kwa mwalimu mkuu, saa nane mchana kabati lake lilikuwa 36. Nyumbani nimejaribu: sindano ndani ya chupa kavu ya chai, chupa ndani ya mtungi wa udongo, mtungi umefungwa gunia bichi, kivulini. 27 saa sita, 28 saa tisa. Miaka kumi na sita nauza maji, nisijue kupoza kitu?

Kutoka shule hadi hospitali kwa bajaji: dakika kumi na moja. Nimepima mara mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Habari imetoka na imeharibika njiani. Mjini wanasema nimeandika barua kwamba mikono ya watoto wa watu ni michafu. Wengine wanasema ni mambo ya ukoo, nimeona nani aliangukia sinia moja na binti yangu.

Mama Zamzam, jirani na mteja wangu, ameniambia mbele ya foleni ya mitungi, kwa jina nililopewa mjini kwa ajili ya malori ya maji, "Mama boza, maji yako tunakunywa. Mikono yetu ndio umekataa?"

Watu wakacheka. Nilijaza mtungi wake mpaka shingoni. Nilitoka kijijini Hadado na wadogo zangu wawili, nikaanza na punda mmoja na mapipa mawili. Mikono ya watu naijua kuliko wao. Nimekasirika mpaka sasa.

Baba Ifrah kapiga simu kutoka Dadaab kazini. Anasema nimwondoe, asome nyumbani. Na nani? Mimi niko barabarani, yeye yuko huko. Na mtoto anapenda shule. Kuliko sisi sote.

Jumatatu, 12 Mei

Kura imepigwa. Ifrah kakaa na watano wengine, amekula wali na maharagwe. Amerudi hana njaa. Mara ya kwanza tangu muhula uanze.

Nilipita jikoni kuhakikisha. Mpishi, Edo Dekha, yaani Shangazi Dekha, mama mwenye miaka sitini hivi, hakuinua macho kwenye sufuria. Nikamuuliza kama barua ameiona. Akasema ameiona. Kisha akasema, "Miaka kumi na mbili napika hapa. Chakula yangu haijaua mtu."

Mwanamke mgumu. Nimeondoka.

Jumatano, 14 Mei

Naandika kwa mpangilio, maana kichwa kinarukaruka.

Saa saba na dakika nne simu. Mwalimu Saadia, wa darasa lake. Midomo imevimba, anakohoa, anajikuna shingo. Nilikuwa kwenye pampu ya mtoni, kilomita sita. Sindano ilikuwa nyumbani kwenye mtungi. Nilimwambia Saadia asiningoje, amtie kwenye bajaji. Alikuwa ameshamtia.

Saa saba na kumi na saba amechomwa sindano hospitalini. Saa saba na ishirini na mbili mimi nimefika na lori, nimeliacha katikati ya lango. Alikuwa anapumua. Uso si wake, lakini anapumua. Akaniambia, "Hooyo, mama, sikunywa maziwa." Akidhani nitamgombeza.

Nikakaa chini sakafuni. Sijawahi kukaa chini mbele ya watu.

Saadia amenieleza. Asubuhi mzazi mmoja alileta madumu mawili ya samli, sadaka kwa watoto. Samli ya nyika, safi. Edo Dekha akamimina juu ya wali, sinia zote 36. Ya Ifrah akaiongezea kijiko kwa huruma, maana mtoto mwembamba na kila asubuhi anakosa uji.

Kwake yeye maziwa ni kitu unachokunywa. Samli ni mafuta. Kila mtu hapa angesema hivyo. Mama yangu angesema hivyo.

Ukurasa mzima, maziwa mara tano. Samli sikuandika hata mara moja. Nyumbani haijaingia miaka mitatu, nikasahau kwamba iko duniani. Nilipima dakika, nilipima nyuzi, nikapima kabati la mwalimu mkuu. Hilo ni langu, na nimelikubali.

Lakini sindano kuwa nyumbani badala ya shuleni, hilo si langu.

Alhamisi, 15 Mei

Tumeruhusiwa asubuhi. Uvimbe umepungua. Amekula ndizi mbili.

Alasiri Edo Dekha amekuja, kwa miguu, jua kali. Nilidhani amekuja kujitetea na nilikuwa nimejiandaa. Akaingia, akamtazama Ifrah amelala, akamwombea dua, kisha akakaa kwenye mkeka na kufunua kiganja.

"Nitajie zote, moja moja. Mimi sijui kusoma."

Barua yangu ukutani. Alhamisi hadi Jumatano.

Nikamtajia. Maziwa ya ngamia, ya ng'ombe, ya mbuzi, ya unga. Maziwa lala. Samli. Siagi. Chai ya maziwa. Uji wa maziwa. Biskuti. Peremende za maziwa. Kumi na moja. Akazirudia akikunja vidole. Mara ya kwanza alikwama kwenye ya tisa. Mara ya pili hakukosea. Akauliza nyama iliyokaangwa kwa samli je, nikasema hiyo ya kumi na mbili, hata mimi sikuifikiria. Akauliza mwiko uliotoka kwenye uji. Ya kumi na tatu.

Hakuomba msamaha. Mlangoni akasema, "Ungekuja jikoni kwanza, abaayo, dada, si ofisini."

Nilipokuwa na punda, watu walikuwa wakitaka maji yangu na bei wanamuuliza mwanamume aliyesimama karibu nami. Nilikuwa nawachukia. Na mimi nimefanya vilevile, kwa barua yenye muhuri.

Simpendi bado. Lakini maswali mawili aliyouliza hakuna daktari aliyewahi kuniuliza.

Jumamosi, 17 Mei

Baba Ifrah amefika. Ameketi kando ya mtoto saa nzima. Kisha amesema shule basi. Nimemwambia tungoje bodi Jumatatu. Wakikataa, sitabishana naye, namtoa mwenyewe. Nimesema na nimemaanisha. Ifrah alikuwa nyuma ya pazia, amesikia. Jioni ameyapanga madaftari yake kwa ukubwa, makubwa chini, madogo juu.

Jumatatu, 19 Mei

Bodi. Watu tisa, mimi mbele, kiti cha plastiki. Nimekwenda na mtungi mkononi na kipimajoto ndani.

Sahani ya peke yake nimeiondoa. Nimeomba sinia moja kati ya thelathini na sita ipikiwe kavu, bila maziwa wala samli, sufuria yake na mwiko wake. Majina yabaki kwenye debe kama kawaida. Ifrah yuko kwenye sinia hiyo daima, wale watano wanabadilika kila wiki, yeyote atakayeangukia. Kura ya mwalimu mkuu haiguswi. Na kila mtoto anaosha mikono kwa sabuni kabla na baada, maji ya kuoshea nitaleta mimi.

Mzee mmoja muuza mifugo akasema shule mjini ziko nyingi. Nikamwambia nimezihesabu, na zote zina sinia. Mwingine akauliza watoto watano wakose samli kwa sababu ya mmoja, ni haki? Si swali la kijinga.

Mwalimu mkuu akamwita Edo Dekha. Akaja na leso yake ya jikoni. Amesema kwa Kisomali, mmoja wa bodi akimtafsiria mwalimu mkuu. Kwamba yeye ndiye aliyemimina. Kwamba ameosha maiti za watu wengi mjini humu na hataki kuosha ya mtoto aliyemlisha mwenyewe. Kwamba mambo yanayomdhuru ni kumi na tatu, akayataja yote, vidole vikaisha akaanza tena. Kisha akasema, "Nipeni sinia hiyo. Nitailinda."

Mikono sita juu, mitatu chini. Kwa muhula mmoja, kisha itazamwe tena. Sindano moja ofisini ndani ya mtungi, nyingine nyumbani.

Nilipotoka nje nimetoa simu. Nimemtumia baba yake ujumbe wa neno moja: wamekubali.

Alhamisi, 22 Mei

Muuguzi amekuja shuleni na kalamu ya mazoezi isiyo na sindano. Niliomba walimu wawili, wamekuja watano. Mwalimu mkuu amejidunga pajani kwa nguvu mpaka ameruka. Mtungi uko chini ya dirisha la kaskazini. 28 saa nane. Mwalimu Saadia amepewa kazi ya kulowesha gunia, anaandika kwenye daftari kila mara. Daftari lake ni safi kuliko langu.

Jumatatu, 26 Mei

Ifrah amerudi shule. Kura ya kwanza ya sinia kavu. Watano walioangukia: wavulana wawili, wasichana watatu, mmoja wao Zamzam. Nilijiandaa kwa kelele za mama yake.

Alikuja na mitungi yake kama kawaida. Akangoja ijae. Akasema, "Mama boza, wiki moja bila samli, binti yangu hatakufa." Akafunga kifuniko. "Wako angekufa. Hukusema hivyo. Ulipeleka barua ofisini."

Nikamwambia ni kweli.

Jumatano, 28 Mei

Maji ya mto yamekuwa mazito, vichujio vimesafishwa mara mbili. Malori yote mawili yametoka kwa wakati.

Ifrah amefika saa tisa na nusu, kiatu kimoja kimefunguka. Leo ilikuwa wali na maharagwe. Ameudhika. Anasema Zamzam anakula haraka, anamaliza upande wake kisha anaingia upande wa wenzake, na mwalimu haoni.

Nimemwambia naye aongeze mwendo.