Asidi Imeshuka, Mdogo Wangu

Nzuguni,
Dodoma.
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Angelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia hukohuko Sumbawanga, tena kwa sauti, maana wewe hata barua unaijibu kana kwamba mtu amesimama mlangoni. Habari za siku nyingi? Shemeji Kristofa hajambo? Kile kifua kilichokuwa kinambana wakati wa baridi kimeachia? Na mwanao Denis je, bado anakula bila kunenepa, au ameshapata mtu wa kumpikia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Huku kwetu upepo wa mwezi huu unaleta vumbi tu. Nafagia uani asubuhi, ikifika mchana ni kana kwamba sijagusa ufagio.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu yangu ni nzima na inafanya kazi. Ila nina jambo refu, na nikilisema kwa mdomo nitalia, na wewe ukinisikia utalia, tutamaliza vocha kwa kwikwi. Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu.

Nianze na mguu ili uutoe moyoni. Unajua baada ya Pasaka kidole gumba changu cha kulia kilivyovimba na kuwaka moto, hata shuka likikigusa napiga kelele. Nilidhani nimeumwa na mdudu shambani. Kituo cha afya pale Chemba wakanitoa damu, wakaandika asidi ya yuriki 512, wakasema huenda ni ule ugonjwa wa gauti. Augustino aliposikia mia tano akaja na gari siku ileile. Akafunga nyumba yangu, mbuzi akamwachia Noeli, mtoto wa kaka, akanileta hapa kwake Nzuguni nikae karibu na hospitali. Mwanangu ana moyo mzuri, hilo silikatai. Nilitoka nyumbani na khanga zangu na dumu la asali.

Nyumba yake ni nzuri, ina vigae mpaka jikoni. Lakini mkewe Hilda amehamishiwa kazi Singida, wajukuu wako shule za bweni, na yeye Augustino anatoka alfajiri kwenda ofisini Mtumba, akirudi mimi nimeshalala. Kila nyumba hapa ina ukuta na geti. Majirani nawajua kwa honi za magari yao.

Na lugha, Angelina. Hicho ndicho kinachonimaliza. Hapa hakuna hata mmoja wa kuongea naye lugha yetu. Siku moja nilikuwa nazungumza na kuku waliopotelea uani kwetu, mwenyewe akaja kuwachukua, mama mmoja anaitwa Dorkasi. Akanisikia ninavyogonga ulimi, kama maneno yetu yanavyotaka, akaniuliza kwa huruma kama nimepaliwa. Nilicheka siku ile, lakini nilicheka peke yangu. Kuna siku zinapita sijafungua mdomo ila kwa kusali na kumfukuza paka.

Sasa nikueleze siku ya kipimo. Kila mwezi nilikuwa narudi kutoa damu, na siku hiyo Augustino anaomba ruhusa kazini. Naambiwa nisile chochote asubuhi. Tunakaa kwenye benchi la maabara, foleni ndefu, na mimi kimoyomoyo naomba izidi kuwa ndefu. Tunaongea lugha yetu waziwazi kwa sababu hakuna anayetuelewa, tunawasema wote wanaopita: yule na wigi lake, yule mzee anayebishana na mhudumu kuhusu chupa ya mkojo. Augustino anacheka mpaka anafuta machozi. Nikishatolewa damu tunavuka barabara kwenda kwa mama mmoja mwenye kibanda, tunaagiza chai, chapati na maharage, sahani moja. Tunakula wote kwenye sahani hiyohiyo, na ananisogezea kipande kikubwa kama nilivyokuwa namsogezea yeye.

Wenzangu pale kwenye benchi walikuwa wanaiogopa sindano. Mimi nilikuwa naisubiri kama Krismasi.

Hapo katikati nikafanya kituko ambacho lazima nikusimulie, hata kama utanicheka. Kipimo changu cha kwanza hapa mjini kilitoka kimeandikwa 8.6. Kutoka mia tano na kumi na mbili mpaka nane! Augustino alikuwa nje anaongea na simu ya kazini, sikumngoja anifafanulie. Jumamosi nikasimama kwenye jumuiya ya kanisa nikatoa shukrani, tena nikazitaja na tarakimu. Akina mama wakapiga vigelegele. Dorkasi, ambaye magoti yanamsumbua, akaniuliza nimetumia dawa gani. Mimi nikasema asali ya kwetu, maana kweli nilikuwa naramba vijiko viwili vitatu kila asubuhi, kama baba alivyotuzoesha.

Basi geti letu likawa halifungwi. Huyu anataka asali ya goti, yule anataka ya kiuno cha mama mkwe wake. Wakawa wanakaa, nawapikia chai, wananiuliza kwetu ni wapi na nyuki tunawafuga vipi. Dumu likaisha. Ilikuwa wiki nzuri kuliko zote nilizokaa hapa.

Mwezi uliofuata nikamsimulia Cornel, yule anayenitoa damu pale maabara. Akaniangalia, akaweka sindano pembeni kwanza.

"Mama Augustino," akasema, "Chemba wameandika kwa kipimo kingine, sisi tunaandika kwa kingine. Ukipima mtama wako kwa debe unapata namba ndogo, ukipima kwa kilo unapata kubwa. Si mtama uleule?"

"Kwa hiyo sijashuka?"

"Hujashuka hata punje. Mia tano na kumi na mbili ya kule ndiyo nane nukta sita ya hapa. Kwa mwanamke tunatarajia isizidi kama sita. Ukiletewa karatasi, usiangalie namba peke yake, angalia na kile kilichoandikwa mbele yake, na kiwango cha kawaida cha maabara hiyo."

Halafu daktari akanimalizia kabisa. Akasema asali, na vitu vingine vitamu sana, vikizidi vinaweza kuipandisha hiyohiyo asidi. Asali, Angelina! Kitu ambacho kwetu mtoto analambishwa kabla hajajua jina lake. Nilirudi jumuiya nikasema ukweli wote nikiwa nimesimama. Walinisamehe kwa kicheko, mpaka mwenyekiti alilia kwa kucheka. Lakini sikuwa na asali tena, na geti likarudi kufungwa.

Daktari alinielewesha vizuri, na wewe nikueleweshe, maana ni damu moja na huenda siku moja ukahitaji. Asidi hii si sumu tuliyolishwa na mtu, kama alivyovumisha mama Noeli. Kila mtu anayo. Mwili unaitengeneza wenyewe, na nyingine inatokana na chakula, hasa maini, figo, nyama nyingi na pombe. Kazi ya figo zetu ni kuitoa kwenye mkojo. Ikibaki nyingi mwilini inaweza kuganda kwenye kiungo, chembe ndogondogo zenye ncha, ndiyo maumivu yale. Lakini akasema pia kwamba namba peke yake siyo ugonjwa. Wapo wenye namba kubwa ambao hakijawahi kuwauma hata kidole, na wapo ambao siku kidole kinawaka, kipimo kinaonyesha kawaida. Ndiyo maana wanarudia kipimo uvimbe ukishatulia.

Mwisho akaniuliza dawa ninazokunywa. Nikamtolea vidonge vyangu vya presha, vile vya kukojolesha. Akatikisa kichwa. Vinapunguza maji mwilini lakini hiyo asidi vinaibakiza. Akanibadilishia, akaniambia ninywe maji, nisiache vidonge vipya hata nikijisikia mzima. Shemeji Kristofa naye ana presha. Asiache dawa zake kwa sababu ya barua yangu, ila akienda kliniki aulize.

Basi tangu hapo namba ikawa inashuka kweli, siyo ya kwenye jumuiya. Wiki iliyopita imetoka 5.4. Daktari akanipa mkono. Akasema vizuri sana mama, sasa hakuna haja ya kuja kila mwezi, tuonane baada ya miezi sita. Augustino alifurahi mno. Palepale akampigia Hilda, nikamsikia anasema, "Mama amepona, sasa nitaacha kuwasumbua kazini na ruhusa." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na kikao, kwa hiyo siku hiyo hatukuvuka barabara. Alinishusha getini, akanipungia mkono, akageuza gari.

Niliingia ndani nikakaa na khanga yangu ya kutokea, nikalia. Nilikuwa sijala tangu jana yake na njaa sikuisikia. Hebu fikiria, mtu amepona na analia kuliko siku aliyoumwa.

Sasa jambo lenyewe ndilo hili. Kesho yake nilikwenda buchani nikanunua maini. Mimi, niliyeambiwa nikae mbali na maini. Nilijua ninachofanya. Nikayakaanga kwa kitunguu na nyanya, nikasonga ugali, nikachemsha na mlenda ili angalau sahani isinishtaki yote. Nilikuwa nimenawa mikono, sijatia kitu mdomoni, nikasikia geti. Augustino amerudi mchana kuchukua karatasi zake za kazi alizosahau.

Akaiona sahani.

"Mama, si umeambiwa haya yanapandisha asidi?" akaniuliza, kwa lugha yetu. "Unataka tuanze upya?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Nataka tuanze upya."

Alidhani namtania. Alisimama na funguo za gari mkononi anasubiri nicheke. Alipoona sicheki akavuta kiti. Akasema basi tutaendelea kwenda kupima kila mwezi, hata kama daktari hajaagiza. Nikamwambia damu yangu aiache mahali ilipo, anipeleke kwenye chai tu. Hapo akacheka, akaacha kucheka, akainamisha kichwa mezani, mtu mzima yule mwenye mvi.

Maini aliyala yeye. Mimi nilikula ugali na mlenda. Simu yake iliita, akainyamazisha, ikaita tena, akainyamazisha, mwishowe akaipokea, akanibusu utosini, akaondoka. Tangu siku ile hajataja lini tutakwenda kwenye hiyo chai, na mimi sijamuuliza. Nikisikia gari linapunguza mwendo nje nainuka kwenye kiti, kisha naona linapita.

Nakuomba sana usimpigie simu kumgombeza. Ana kazi, ana ada za watoto, na mke yuko mbali, naye pia anakula peke yake huko ofisini, nimemwona alivyokonda. Kunirudisha nyumbani atanirudisha nikitaka, ameshasema. Lakini nyumbani kuna nani? Baba yake hayupo, wewe uko Sumbawanga, Noeli yuko na mbuzi kutwa nzima. Sijui bado nitaamua nini mvua zikianza.

Nisalimie shemeji Kristofa, mwambie kifua chake akifunike jioni. Denis mwambie marahaba, hata kama hajaniamkia. Wasalimie wote wa nyumba hiyo, na yule rafiki yako wa kanisani anayeniombea bila kunijua, mwambie kidole kimesikia. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, akuzidishie nguvu, na atukutanishe tukiwa bado na meno.

Nina ombi moja tu. Ukinipigia simu, mguu usiuulize tena, umepona. Niulize leo nimekula na nani. Nikikaa kimya usidhani mtandao umekatika, na usikate. Wewe endelea kuongea lugha yetu, hata kama ni bei ya mahindi ya huko, na mimi nitaiweka simu kando ya sahani yangu, nile.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usiponijibu,

Scolastika