Gari Nililojisifia kwa Shangazi

Jumamosi, saa nane mchana. Mvua imekata, lakini mlima bado umejifunika. Chakula kiko mezani, sina hamu nacho.

Jumanne nilipanda Machame kumchukua Shangazi Ndeshi, dada wa marehemu baba, nimlete kliniki ya macho. Njia ilikuwa tope tupu. Jirani yake, Baba Elia, alikuwa anashuka mjini na pikapu yake kuukuu ya kubebea majani ya ng'ombe, akasema angempa nafasi.

“Twende naye, baba,” Shangazi akaniambia. “Huyu ameizoea njia yetu.”

“Shangazi, hii ni SUV! Imetengenezwa kwa njia kama hizi.”

Akapanda gari langu. Aliniamini.

Kwenye mwinuko wa kutokea barabara ya lami, matairi ya mbele yakazunguka bure, ya nyuma yakatulia tu. Gari likarudi kinyumenyume, likaingia mtaroni. Shangazi alijigonga mlangoni, akavunjika mkono wa kushoto. Baba Elia ndiye aliyemfikisha hospitali.

Leo nimekaa kusoma maana ya SUV. Asili yake ni magari ya jeshi, yaliyoundwa yapite penye matope. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, wakulima wakayapenda. Baadaye yakawekewa viti laini vya familia. Siku hizi hata wataalamu hawakubaliani. Wapo wanaodai lazima gari liwe na chasisi, fremu ya chini, kama ya lori na livute kwa matairi yote manne. Wengine huliita hivyo gari lolote lililoinuka. Langu ni gari dogo la mjini lililoinuliwa, linavuta mbele tu.

Niseme ukweli: sikuhitaji kusoma. Fundi aliniambia hayo siku ya kwanza nilipolinunua.

Nilijua.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba Shangazi amewaambia wote aliteleza kwenye migomba, na Baba Elia amemtunzia siri. Wanakuja kumpa pole, na mimi nimekaa pale pale nakunywa chai, naitikia.

Saa moja iliyopita nimempigia binti yake, Neema, aliyeko Holili. Nimemweleza yote, hata la fundi.

“Kaka, mama amekuwa akikutetea siku nne hizi,” akasema. “Kesho nakuja. Baada ya ibada utayasema hayo mbele ya watu wote.”

Nimemjibu nitasema.

Naogopa, lakini nitasema.