Siku Uliyouliza Bila Utani

Mtani wangu Yona,

Leo sianzi kwa matusi yetu ya kawaida, na hilo peke yake litakuonyesha kwamba mambo si mazuri. Nimekaa juu ya tairi hapa Mikumi, malori yanapita, na daftari liko gotini. Wateja wananitazama. Waache watazame.

Kwanza habari za nyumbani. Mashine yako ya kusaga bado inafanya kazi. Shemeji anaiendesha mwenyewe, na wanaodhani mwanamke hawezi injini ya dizeli wamenyamaza. Ikimgomea ananitumia ujumbe kwa kondakta, nami nakuja Kilosa na spana zangu. Lile shamba la mkonge lililotupunguza kazini mimi na wewe siku moja limepata mwekezaji. Amepaka geti rangi. Mkonge wenyewe bado ni kichaka.

Nimekumbuka tulivyotoka pale na barua zetu mfukoni. Ilikuwa enzi ya ruksa, kila mtu ajitafutie. Wewe ukafungua mashine, mimi nikaja barabarani kuziba pancha. Lakini Jumamosi sikukosa kuja kwenye benchi lako, kwa sababu bila kubishana na wewe wiki ilikuwa haiishi. Wewe mzee wa kanisa, mimi sikumbuki mara ya mwisho niliyoingia kanisani. Wewe Msagara, mimi Mnyamwezi, watani tangu babu zangu walipopita nchi yenu na mizigo kichwani. Nani angetuzuia?

Ulisema, "Mashine hii ina aliyeitengeneza. Dunia je?" Nikakujibu kwamba mashine ina kibao cha kiwanda, hebu nionyeshe kibao cha dunia. Akina mama waliokuja na mahindi yao wakacheka mpaka wakasahau foleni. Siku nyingine ukaniuliza nimejuaje kwamba baba yangu ni baba yangu, kama si kwa kuamini neno la mama. Hapo nilishindwa, ila sikukubali. Nilisema tu, "Thibitisha!" Nilisema hivyo mara nyingi mno hata wakaanza kuniita Mzee Thibitisha.

Halafu ile siku uliyokuja huku Mikumi, tukakuta kinyesi cha tembo katikati ya lami, bado kinafuka mvuke. Ukaruka kwa furaha. "Tembo umemwona wewe? Hukumwona! Mbona unajua kapita?" Nikasema tembo nilimwona juzi na jana, na kesho nitamwona. Mungu nimemwona lini? Ukanitukana, nikakutukana, tukaenda kunywa chai. Yona, nilikuwa na furaha sana siku ile na sikukuambia.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha hapa.

Unakumbuka mchana ule nilipokuja kukuona. Walikuwa wamekurudisha nyumbani kutoka hospitali, na sote tulijua maana yake. Ulimwambia shemeji atupishe, tuna mazungumzo yetu ya utani, akatoka na bakuli la uji. Ukanishika mkono. Mkono wako ulikuwa umebaki mifupa. Ukasema taratibu, "Mnyamwezi, hebu niambie. Kweli unaona hakuna mtu kule?"

Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka! Nikasema, "Wewe tangulia ukaangalie. Ukikuta hakuna, rudi utuambie tuache kutoa sadaka."

Ndivyo watani wanavyosema. Mtani hamwonei mgonjwa huruma, humchokoza ili asikate tamaa. Nilidhani ninakupa dawa. Ukatabasamu kidogo, ukasema, "Haya." Ukageukia ukutani. Nikakaa dakika chache, nikaaga, nikawahi gari la Mikumi. Siku ya tatu kondakta akaniletea habari.

Nilikuwa ndani ya gari nakwenda kukuzika ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile hukuwahi kuniuliza mimi naona nini. Ulikuwa unanieleza tu. Siku ile uliuliza. Mchungaji usingeweza kumwuliza, angeshtuka. Mkeo ungemwua kabla ya wewe kufa. Mtu pekee ambaye ungeweza kumwonyesha hofu yako alikuwa mimi, kwa sababu mbele ya mtani hakuna aibu. Mtani mwenyewe akakutania.

Msibani watu walinisubiri nifanye kazi ya mtani. Walitaka nishike jembe nikatae usizikwe mpaka nipewe changu, nikuigize unavyopiga kelele juu ya sauti ya injini, nilale kaburini nipime kama utaenea. Nilisimama tu. Machozi yakanitoka mbele ya ukoo wako wote. Mjomba wako akasema kwa sauti, "Mtani gani huyu analia?" Alichukizwa, na alikuwa na haki.

Siku ya kuanua matanga shemeji akanivuta pembeni. "Shemeji, wewe ndiye uliyekaa naye peke yenu. Alisema nini? Alikuwa na amani?"

Nilimtazama, Yona, na nikasema, "Alikuwa na amani. Alisema anakwenda kwa Mungu wake."

Akajifunika uso kwa khanga. Akanishukuru, akasema sasa atapata usingizi. Nami nikadhani yameishia hapo. Kumbe alimsimulia mchungaji, na mchungaji akasimulia kanisani: hata Mihayo, yule asiyeamini, ameshuhudia jinsi mtu wa Mungu anavyoondoka. Sasa nikifika Kilosa akina mama wa mashineni wananipa mkono. Mimi, Mzee Thibitisha, ndiye uthibitisho wao. Wanataka Jumapili nisimame niseme kwa kinywa changu.

Sitasimama. Nitamwambia mchungaji nina pancha za kuziba, akasirike. Shemeji nilichompa sitamnyang'anya, lakini sitakiongeza. Kinachoniuma ni hiki: mkeo nilimpa uongo mzuri, na wewe sikukupa hata ukweli. Ukweli haukuwa mgumu. Ningesema, "Sijui, Yona. Nabisha kwa nguvu kwa sababu sijui. Hata mimi naogopa." Halafu ningeliacha gari la Mikumi liende, nikabaki nimekushika mkono. Hukuhitaji hoja. Ulihitaji mtu wa kutojua pamoja naye.

Basi nakuahidi. Kwamba uliuliza, hakuna atakayejua kutoka kwangu. Shemeji akiniita kwa ajili ya injini nitakuja, mvua au jua. Na mtu mwingine akinishika mkono na kuniuliza swali kama lako, nitafunga mdomo huu mpana, nitakaa chini, nitamsikiliza mpaka amalize.

Barua hii nitaipeleka mwenyewe, niifukie pembeni ya kaburi lako. Kama unasikia au husikii, sina hoja ya upande wowote. Nakuaga kama mtu aliyepo.

Mtani wako,
Mihayo